Siku Nilizotembezwa Pwani

Katikati ya miaka ya tisini nilitembezwa kwa miguu katika pwani ya kaskazini ya Lindi, nikaona mambo ambayo watu wengi wa kwetu Ruangwa hawajayaona, na bado mtu akiniuliza kama naijua bahari, nageuza mazungumzo. Bahari haina kosa. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyosimuliwa.

Aliyenisimulia ni rafiki yangu. Tulikuwa makarani katika ghala moja la mazao pale Nachingwea, mimi nikihesabu magunia yanayoingia, yeye yanayotoka. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya soko, tukapikiana kwa zamu, tukavaliana mashati. Yeye alikuwa mtu wa pwani na Kiswahili chake kilimiminika kama maji. Mimi nilikulia Chinongwe, nyumbani tukizungumza Kimwera, na Kiswahili nilikipata shuleni. Kila nilipoteleza aliniiga mbele za watu, watu wakacheka, nami nikacheka nao, ingawa masikio yalikuwa yananiwaka.

Jioni tukishamaliza kula alikuwa na hadithi moja tu, nayo ni kwao. Alinieleza njia inayopita juu ya majabali, mikorosho upande mmoja na upande wa pili bahari iko chini ya vidole vyako vya miguu. Alinieleza ufuko mweupe katikati ya miamba miwili, usio na nyumba hata moja. "Ninyi Wamwera mnatazama vichuguu mnasema mmeona mlima," alikuwa akiniambia. "Siku moja nitakutembeza, ndugu yangu, urudi kwenu ukasimulie."

Kisha likaja punguzo la wafanyakazi. Watu waliitwa kwa mkuu mmoja mmoja, wengine hawakuitwa. Yeye aliitwa. Mimi sikuitwa. Tulianza kazi pamoja, tukifanya kazi ileile, na wala sijui mpaka leo kwa nini kalamu ilimwangukia yeye ikaniruka mimi. Jioni ile sikujua nikae wapi ndani ya chumba chetu. Nikikaa kitandani naona nimestarehe mno, nikisimama naona namharakisha aondoke. Mwishowe nikaanza kumkunjia nguo zake, kazi ambayo hakunituma.

Asubuhi alipopanda lori na godoro lake alicheka kama kawaida, akaniinamia kutoka juu ya mizigo.

"Mwakani mwezi wa sita chukua likizo, njoo pwani. Usipokuja nitajua umenidharau kwa kuwa sina kazi."

"Nitakuja, bwana. Nitaachaje?"

Nikaenda kweli. Nilimpelekea habari kwa dereva mmoja wa malori ya chumvi, naye dereva akarudi na jibu fupi: karibu. Kabla ya safari nilipita Chinongwe kumsalimia mama. Mwaka ule mahindi yalikubali, na mama alikuwa amenifungia kiroba cha unga na mfuko wa mbaazi.

"Utakwendaje kwa watu mikono mitupu?" aliniuliza.

"Mama, wale ni watu wa pwani. Wanakula wali na samaki. Nitaonekanaje nikishuka na kiroba kichwani?"

Nilikuwa nimenunua shati jipya na viatu vya raba. Mama hakubishana. Alinisindikiza mpaka njiani na kiroba chake, nami nikakipokea ili kumridhisha, kisha nikakiacha Ruangwa mjini kwa ndugu yetu mmoja anayekaa karibu na stendi. Nikapanda basi la Lindi na korosho za kukaanga tu, kwenye kifuko kidogo kama zawadi ya mtoto.

Rafiki yangu alikuwa akinisubiri barabarani niliposhuka. Alikuwa amepungua mwili, lakini nani hapungui akitoka mjini akarudi shambani? Tulikumbatiana, akanipokea begi, tukateremka kwa kijia mpaka nyumbani kwake. Ilikuwa nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa makuti, uwanja umefagiliwa ukafagilika. Kitu nilichokiona mara moja ni ukimya.

"Shemeji yuko wapi?" nikauliza. "Na watoto?"

"Amekwenda kwao kumuuguza mama yake. Amewachukua wote." Alijibu haraka, kisha akanionyesha pa kuogea.

Jirani mmoja, mama wa makamo, alileta sinia la wali na samaki wa kukaanga. Aliliweka mkekani, akanisalimia bila kuniangalia sana, akaenda zake. Tukala tukashiba. Rafiki yangu akasema, "Unaona? Hapa kwetu mgeni hapati shida." Nikamwambia kweli nimeona.

Kulipokucha tulitoka bila kunywa chai. Alisema chai inamfanya mtu awe mzito njiani. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, baridi ya kupendeza, na maji yalikuwa yamekupwa mbali sana, mpaka bahari imeacha uwanja mzima wa mchanga na majani, na wanawake wameinama huko mbali wakitafuta pweza kwenye mashimo. Tulipita chini ya miamba ambayo mawimbi yameila kwa ndani hata ikawa kama mapaa ya nyumba. Nilimuuliza kila kitu, jina la kila konokono. Alinieleza kwa raha, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamwona yule mtu wangu wa Nachingwea.

Adhuhuri tukawa tumefika kijiji cha pili, nyumbani kwa shemeji yake, mume wa dada yake. Tulikuta chakula ndiyo kinatengwa. "Karibuni, mmefika wakati mzuri," shemeji akasema, tukanawa tukala.

Siku iliyofuata tulipita njia ya juu, ile niliyosimuliwa. Sitaweza kuieleza kama alivyonieleza yeye. Nilisimama ukingoni, nikatazama chini, maji ya kijani yakipanda na kushuka taratibu kwenye mawe. Nilikaa chini kama mtoto. Rafiki yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini baada ya kitambo akatazama jua, akasema, "Twende, bwana, twende." Akashika njia kwa hatua ndefu, nami nyuma nikimkimbilia. Adhuhuri tulikuwa kwa mjomba wake, na hapo pia sinia lilikuwa ndiyo kwanza linatoka jikoni.

Usiku ule nilimwambia maneno ambayo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze. Nilimwambia, "Wewe umepunguzwa kazi ukapata pepo. Mimi niko kule na mavumbi ya magunia. Kesho unanipeleka wapi?"

"Kesho tutakwenda kwa shangazi," akasema. "Ni mbali."

Kwa shangazi kulikuwa mbali kweli, ng'ambo ya mashamba ya chumvi. Na siku hiyo mimi ndiye niliyetuchelewesha. Tulipofika kwenye ule ufuko mweupe katikati ya miamba miwili, nilivua viatu nikaingia majini mpaka magotini, nikatoka, nikaingia tena. Nikaokota makombe ya kumpelekea mama. Nikajilaza mchangani. Rafiki yangu alikuwa amesimama kivulini.

"Jua limekwenda, ndugu yangu," akaniita.

"Tuna haraka ya nini? Tuko likizo!"

Akaniita tena. Mara ya tatu hakuniita, alikaa chini akanisubiri, amekumbatia magoti. Nilifurahi nikadhani nimemshinda kwa utani.

Tulipofika kwa shangazi yake watu walikuwa wameshakula. Alikuwa mama mzee, mwembamba, mwenye sauti ya juu, amekaa kibarazani akisuka ukili. Nilimwamkia, akaniitikia vizuri, akaniuliza habari za Ruangwa, mvua, mavuno. Kisha akamgeukia mpwa wake.

"Mwanangu, leo umechelewa. Sufuria zimeshaoshwa."

"Hatuna njaa, shangazi. Tumekuja kukusalimu tu."

"Hamna njaa!" Akaweka ukili chini. "Juzi umekula kwa shemeji yako, jana kwa mjomba wako, leo umekuja kwangu. Pwani nzima inajua unavyozunguka. Ulipokuwa peke yako sisi tulinyamaza, wewe ni damu yetu. Sasa unamzungusha na mgeni wa watu juani, kwa nini usituambie tukakuletea chochote nyumbani? Mwanamke amekukimbia na watoto kwa ajili ya njaa, bado unaona haya kusema?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemfokea mtoto aliyejikata kwa kisu. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na tulikuwa watatu tu pale kibarazani, hapakuwa na mtu wa nne wa kutuokoa. Rafiki yangu alitazama miguu yake. Mimi nilikuwa nimeshika yale makombe ndani ya leso, nikawa sijui niyaweke wapi.

Mzee yule aliinuka, akaingia nyuma ya nyumba na jembe, akarudi na mihogo. Akaimenya mwenyewe, akaichemsha kwa chumvi. Nilijua ameng'oa isiyokomaa, kwa kuwa ilikuwa myembamba kama vidole, na mtu hang'oi mihogo ya namna ile kama anayo mingine. Alipotutengea nikaona nikikataa nitamvunja rafiki yangu zaidi, na nikila nitakuwa nimemla huyu mama mzee. Nilikula. Kila kipande nilikisukuma kwa maji. Rafiki yangu alikula akiwa amenipa ubavu.

Wakati wa kurudi maji yalikuwa yamejaa, njia ya ufukoni imefungwa, ikabidi tupande ile ya juu. Nyumba za shangazi zikatoweka nyuma yetu. Nikaanza mimi.

"Kwa nini hukuniambia nisije? Ungemwambia dereva tu."

Alisimama, akacheka kicheko kisichokuwa chake. "Nikuambie kweli? Siku ile juu ya lori nilikukaribisha kwa mdomo tu. Mtu anayeondoka husema maneno. Sikudhani utakuja. Dereva aliponiambia unakuja, nilikaa siku nzima nikitafuta uongo, nikakosa. Nikasema, basi, nitamtembeza. Njia sijapunguzwa."

"Na mimi nilikuwa nakuuliza kesho unanipeleka wapi."

"Ulikuwa unafurahi," akasema. "Hilo ndilo lililonisaidia. Nilikuwa nikikutazama unavyofurahi, nasahau."

Nilikumbuka kiroba cha mama kule Ruangwa. Sikumwambia. Mfukoni nilikuwa na nauli ya kurudia na vijisenti vya njiani, kwa kuwa mshahara wetu mwezi ule ulikuwa umechelewa, na likizo nilikuwa nimeianza kwa kukopa. Nikamwambia nitaondoka asubuhi.

"Usiondoke," akasema, akanishika mkono kwa nguvu. "Ulisema wiki nzima, na majirani wamesikia. Ukiondoka kesho watasema mgeni kafukuzwa na njaa. Nakuomba."

Hapo nikapata wazo nililoliona la kiume kabisa. Tulipokuwa tukipita mashamba ya chumvi niliona watu wanaziba kingo za mabwawa kwa tope, wakiyatayarisha kwa msimu wa chumvi. Nikamwambia twende wote wawili tukafanye kibarua siku mbili, tupate unga na samaki, tule kwako, mlango wazi. Alikataa. Nikamshikilia. Nilimwambia mimi mtoto wa mkulima, jembe silikimbii. Alikataa tena. Kulipokucha nilivaa suruali yangu mbovu, nikatoka kwenda peke yangu, na yeye akalazimika kunifuata.

Msimamizi wa pale hakuuliza mengi. Tulipewa majembe tukaingia topeni. Maji yale yana chumvi inayouma kuliko upupu, na miguu yangu ya ofisini ilipasuka kabla ya jua kusimama. Nilijikaza. Nilikuwa naona natenda jambo jema, nikawa napiga hata soga na vibarua wenzetu. Mmoja akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Ruangwa, nimekuja kumtembelea rafiki. Akamtazama rafiki yangu, kisha akawatazama wenzake. Baadaye nikawasikia upande wa pili wa kingo, hawakupunguza hata sauti.

"Mtu anapata mgeni, anamtia kwenye tope."

"Mgeni anamlisha mwenyeji. Hiyo sijapata kuiona."

Niligeuka nikaona rafiki yangu amesikia kama nilivyosikia mimi. Aliendelea kuchota tope na kulibandika, kuchota na kubandika, mishipa ya shingo imemtoka. Hapo ndipo nilipofahamu nilichomfanyia. Njaa yake ilikuwa inajulikana na ndugu zake, watu wa damu yake, waliokuwa wakiinyamazia. Mimi nilikuwa nimeitoa nje nikaitembeza mbele ya vibarua.

Tulinunua unga na samaki. Alipika yeye, hakutaka nisaidie. Mlango ulikuwa wazi kama nilivyotaka, na watu wakipita njiani walitusalimu, nasi tukawakaribisha, wakasema wameshashiba. Siku ya pili hatukurudi kwenye chumvi. Alisema mgongo unamuuma. Tulishinda barazani, wiki ikawa ndefu kama mwaka, tukila ugali uleule kidogo kidogo na kuzungumza habari za watu wa Nachingwea, nani kaoa, nani kahamishwa. Hatukutembea tena. Bahari tulikuwa tunaisikia tu, nyuma ya mikorosho.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebea begi kama alivyolipokea. Gari liliposimama tulipeana mikono. Alisema, "Msalimie mama." Sikumkaribisha kwetu. Nilitaka, maneno yalifika mdomoni, nikaogopa asije akadhani namlipa.

Ruangwa nilipita kwa yule ndugu yetu kuchukua kiroba. Walikuwa wameshakifungua, wanakula, nikafurahi. Mama aliponiuliza watu wa pwani wameupokeaje unga wake, nilimwambia wameshukuru sana. Akasema, "Nilikuambia."

Miaka ikapita. Mimi nami nilipunguzwa, baadaye kidogo, nikarudi Ruangwa, nikaoa, nikafungua kiduka cha vifaa vya shule. Nilipopunguzwa nilitamani kumtafuta rafiki yangu, kwa kuwa sasa tulikuwa sawa, lakini sikumtafuta. Kila nilipopanga niliwasikia wale vibarua.

Miaka ya elfu mbili ilipokwisha kuingia, mji wetu ukiwa umechangamka, simu za mkononi zimefika, nilikwenda sokoni siku moja ya gulio kutafuta kitoweo. Kwenye meza za samaki wakavu nikamwona. Alikuwa amenenepa, amevaa kofia nzuri ya kufuma, na pembeni yake mwanamke kijana anapanga papa na ng'onda. Aliinua uso akaniona. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha Nachingwea, akazunguka meza, tukakumbatiana mbele za watu.

"Mmwera wangu! Bado hujajifunza Kiswahili?"

"Najifunza taratibu," nikamwambia.

Akamgeukia yule mwanamke. "Mke wangu huyu. Ni mtu wa Newala, tuna miaka miwili." Kisha akamwambia mkewe, "Na huyu tulikaa chumba kimoja Nachingwea. Tulikuwa tunavaliana mashati."

Mkewe alinisalimu kwa adabu, akapiga goti kidogo. Alikuwa mchangamfu. "Basi wewe utakuwa umefika kwao pwani," akasema. "Mimi bado hajanipeleka. Kila siku ananisimulia njia zinazopita juu ya bahari. Ni kweli kuzuri vile, shemeji, au ananidanganya?"

Rafiki yangu alikuwa ameinama, anapanga tena samaki ambao walikuwa wameshapangwa. Mikono yake ikasimama.

"Sijawahi kufika, shemeji," nikasema. "Na mimi alinisimulia tu."

Mikono ikaendelea. Hakuinua uso mara moja, na alipouinua aliniuliza nataka samaki gani. Nikachagua. Akanifungia kwenye gazeti, akaongeza wawili juu, nikamwambia wanatosha, akasema chukua. Mkewe akanikaribisha siku wakienda pwani niandamane nao. Nikamwambia inshallah. Nilitaka kusema, leo njooni kwangu mle, nyumba si mbali. Nilisimama pale na furushi langu mpaka mteja mwingine akanisogeza kwa bega, nikaaga.

Nyumbani mke wangu alifungua gazeti akastaajabu. "Samaki wote hawa! Umenunua kwa nani?"

"Kwa mtu mmoja wa pwani," nikamjibu, nikaenda kunawa.